Mvua ya Kupandia

Reli ya Mpanda huachana na ile ya Kigoma pale Kaliua, ikashika njia ya kusini na kuzama msituni. Ni tawi la kilomita zipatazo 210, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kufuata madini ya risasi. Enzi ya madini yale ilipita, reli ikabaki, na leo kinachojaza mabehewa ni watu, magunia na matenga ya kuku. Basi lingenifikisha mapema zaidi kwa barabara ya lami inayopita Sikonge na Koga. Nilichagua treni kwa kuwa ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda Katavi, nami nilitaka kuiona nchi taratibu, dirisha likiwa wazi.

Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba. Miombo ilikuwa imeshachipua bila kungoja mvua ishike, majani mengine bado na wekundu wa uchanga. Tulivuka mto Ugalla, na baada ya hapo nikaanza kuona jambo lililojirudia njia nzima: kila tulipokaribia makazi, msitu ulirudi nyuma. Kwanza visiki vyeusi, kisha majivu, kisha mabua ya mwaka jana, kisha bati jipya linalong'aa. Mzee wa Kisukuma aliyeketi mbele yangu, aliyehamia huku na ng'ombe wa baba yake akiwa kijana, alinyoosha mkono dirishani. "Hapa pote palikuwa pori, mwanangu. Watu wakija kufuata asali."

Hesabu za sensa zinamuunga mkono. Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huohuo ilikuta watu 564,604. Ile ya 2022 ikakuta 1,152,958. Katika miaka kumi watu waliongezeka zaidi ya mara mbili, na kati yao wamo wakulima na wafugaji wengi waliokuja kutafuta ardhi. Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, wenyeji wa nchi hii, sasa wanalima bega kwa bega na Wasukuma, Wafipa na Waha. Pale Katumba tulipita makazi ya waliokimbia Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao leo ni raia wa Tanzania na walimaji wakubwa wa mahindi na tumbaku.

Nilikuwa na swali moja kichwani. Mimi ni mzaliwa wa Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haivuki milimita 600. Kwetu hakuna anayehitaji kuhubiriwa juu ya kulinda unyevu; kijiji cha jirani yetu, Chololo, ndicho kilichoyapa jina yale mashimo ya kupandia yanayojulikana nchi nzima. Katavi ni nchi ya neema. Mpanda hupata karibu milimita 1,000 kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mkoa huvuna mahindi na mpunga kuzidi mahitaji yake. Tangu Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliposambaza mwaka 2010 fikra ya kilimo kinachoongeza mavuno, kinachohimili mabadiliko ya tabianchi na kinachopunguza hewa ukaa, serikali yetu nayo iliandaa programu yake, ile ya 2015 hadi 2025. Mafunzo yamefika hadi kwenye mitaa. Nilitaka kuona mkulima wa nchi yenye mvua anachukua nini katika mafunzo hayo, na anaacha nini, na kwa nini.

Jibu la kwanza nilipewa kwenye soko la Buzogwe, Mpanda mjini, hata kabla sijafika shambani. Maduka ya pembejeo yalikuwa yamejaa watu, simu mkononi, wakitafuta namba za usajili wa mbolea ya ruzuku. Mbegu za mahindi huko huitwa kwa mnyama aliyechorwa kwenye mfuko. Tembo ni ya kuchelewa, inayotaka msimu mzima wa mvua na kulipa kwa magunia mengi. Tumbili ni ya mapema, gunzi lake dogo, lakini hukomaa hata mvua ikikatika mapema. Nilisimama kando nikatazama watu wakinunua. Mama mmoja alichukua mifuko miwili ya tembo na mmoja wa tumbili. Kijana aliyemfuata akafanya vivyo hivyo. Muuzaji akaniambia kwamba zamani hakuna aliyeulizia tumbili Mpanda; ilikuwa mbegu ya watu wa nchi kavu.

"Siku hizi kila mtu anataka wote wawili," alisema. "Mvua ikikamilika, tembo anakulipa. Ikikatika, tumbili anakulisha."

Hakuna semina iliyowapangia uwiano ule. Waliupanga wenyewe kwa kuitazama misimu yao.

Shanwe ni kata ya Manispaa ya Mpanda, na bodaboda ilinifikisha kwa muda mfupi. Ni mahali ambapo mji na shamba vinagombania ardhi. Nyumba za tofali za kuchoma zinasogea, na katikati ya mabua ya mwaka jana niliona bikoni za viwanja vilivyopimwa. Mwenyeji wangu alikuwa mkulima mwezeshaji, mama wa makamo aliyefundishwa katika shamba darasa ili naye afundishe majirani. Nilimwamkia, akaniitikia, akanitaka ninawe mikono kabla ya habari yoyote. Tulikula ugali na mgebuka wa Ziwa Tanganyika, kisha akachukua jembe tukaenda.

Mvua ilikuwa imenyesha siku chache nyuma. Niliona majirani kadhaa wameshafukia mbegu. Yeye hakuwa amepanda. Alichimba kwa jembe, akaingiza kiganja, akatoa udongo. Juu ulikuwa na unyevu. Chini ya vidole vinne ulikuwa mkavu kabisa.

"Hii imetuliza vumbi tu, mwanangu. Mvua ya kupandia unaikuta chini huku. Mama yangu alipanda katikati ya Novemba bila kuuliza mtu. Sasa inaanza, mbegu inaota, halafu inakatika wiki mbili, tatu. Mche unakufa, unarudi dukani. Mbegu ya mara ya pili unainunua kwa hela ya ada ya mtoto."

Nilielewa kwamba milimita 1,000 zangu zilikuwa zimeficha jambo kubwa. Jumla ya msimu inaweza kutimia na mkulima bado akakosa mavuno, kwa sababu muhindi haunywi jumla. Unahitaji maji kuliko wakati mwingine wowote pale mbelewele inapotoka na nywele za gunzi kuchomoza. Jua likiwaka siku kumi mfululizo wakati huo, nywele hukauka kabla ya kupokea chavua, na gunzi hutoka na mapengo hata kama mvua ya Machi itamwagika kwa wingi. Ongeza viwavijeshi vamizi walioingia nchini mwaka 2017, wanaoshamiri kwenye mahindi machanga yaliyosimama kwa kiu. Hapo ndipo mkulima wa Mpanda na wa Dodoma wanapokutana.

Shamba lake lilinionyesha alichokubali. Alipanda kwa mistari, sentimita 75 kati ya mstari na mstari, 30 kati ya shina na shina, nafasi inayotoa zaidi ya mimea 17,000 kwa ekari. Kamba yake ya kupimia ilikuwa na mafundo yaliyofungwa kwa vitambaa vyekundu. Kunde alizipanda kati ya mahindi ili zifunike ardhi, zizuie magugu na kuurudishia udongo naitrojeni. Na kwa muda sasa alikuwa ameacha kuchoma mabua. Akaniambia faida ya mistari aliyoiona ilikuwa kwenye palizi: yeye na binti yake walimaliza mapema, bila kukata mahindi, na hela ya vibarua ikabaki nyumbani. Kitu kilichopunguza kazi kilibaki shambani mwake.

Kilichoongeza kazi kiliondoka. Pembeni mwa shamba palikuwa na kipande kilichojaa mashimo yaliyobomoka kingo. Nikayatambua mara moja. Ni mashimo ya Chololo, yenye kina cha sentimita zipatazo 30, yanayotiwa samadi na kupandwa mbegu humo. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 90, robo ekari pekee inabeba mashimo zaidi ya 1,800. Mama aliyachimba kiangazi kizima akisaidiwa na mwanawe. Msimu uliofuata mvua ikawa kubwa, maji yakasimama mashimoni kwa siku nyingi, mahindi yakageuka manjano kwa kukosa hewa kwenye mizizi.

"Huko kwenu labda yanafaa," alisema kwa upole. "Hapa maji yakija, yanakuja kweli."

Jibu hilo lilinigusa, kwa kuwa nimeona mashimo hayohayo yakiokoa familia kwetu Dodoma. Teknolojia iliyobuniwa kukusanya maji machache ilipelekwa mahali ambapo adui ni mvua isiyotabirika, nyingi leo na kidogo keshokutwa. Badala yake mama alikuwa ameinua matuta yanayokinga mteremko. Maji mengi hutiririka taratibu kwenye mfereji, maji machache hubaki kwenye tuta. Jirani zake wa Kifipa, ambao kwao Rukwa wana ujuzi wa kale wa kufukia majani ndani ya matuta, ndio waliomsaidia kuyapanga. Mradi wowote wa mafunzo ungeweka alama kwamba ameacha alichofundishwa. Mimi niliona mtu aliyekielewa alichofundishwa kiasi cha kukibadilisha.

Tulivuka njia tukaenda kwa jirani, mzee mwenye jozi mbili za maksai na plau mbili. Uani kwake palikuwa na foleni ya watu waliokuja kuomba kulimiwa. Kila bango la kilimo nililowahi kuliona linasema panda mapema. Ni ushauri usio na gharama kwenye karatasi. Lakini asiye na ng'ombe hupanda zamu yake inapofika, na zamu ya mwisho hufika Desemba. Mtu wa zamu ya mwisho amesikia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni kama kila mtu. Anajua kabisa tarehe inayofaa. Anachokosa ni maksai. Na wajane walikuwa wengi katika foleni ile.

Kwa mzee huyo nilikuta pia kitendawili cha mabua kikiwa kimeteguliwa. Kilimo hifadhi kinataka mabaki ya mazao yafunike ardhi, yapunguze mvuke na kupoza udongo. Lakini kwa desturi, mavuno yakishatoka, shamba ni malisho ya wote. Ng'ombe huingia, na matandazo ya mkulima huishia matumboni mwao. Mama mwenyeji wangu aligombana na wachungaji kwa misimu kadhaa, hadi yeye na mzee walipokaa chini wakapatana: ng'ombe wale mabua, lakini walale humohumo shambani kwa zamu, zizi la miba likihamishwa kutoka pembe hadi pembe, mpaka kipande chote kipate samadi na mkojo wao. Mwongozo unasema matandazo. Wao wamepata mbolea badala yake, bila mkokoteni na bila senti moja. Ardhi ilikuwa nyeusi zaidi pale zizi lilipolala, na mama alinionyesha kwa mguu mpaka ulipo.

Nilipouliza kuhusu mbaazi, uso wake ulibadilika. Mbaazi ni zao zuri kwa udongo: mizizi hushuka chini, hupasua tabaka gumu linalotengenezwa na plau inayopita kina kilekile kila mwaka, na majani hudondoka yakawa mboji. Wengi walichanganya mbaazi na mahindi wakati bei ilipokuwa juu. Kisha Agosti 2017 India, mnunuzi wetu mkuu, ikauwekea kikomo uingizaji wa mbaazi, na bei ikaanguka nchi nzima. Watu waling'oa. Yeye mwenyewe aliacha. Sasa soko limerudi, na baadhi wameanza tena, kwa mstari mmoja mmoja ukingoni mwa shamba, kama mtu anayejaribu maji ya mto kwa kidole. Hakuna aliyesahau faida ya mbaazi kwa udongo katika kipindi chote hicho. Waliweka chakula cha watoto mbele ya naitrojeni, na mzazi yeyote angefanya hivyo.

Aliyenifundisha zaidi alikuwa kijana wa foleni ile ya maksai, anayelima heka mbili za kukodi. Alihitimu kidato cha nne, anasikiliza vipindi vya kilimo, na alinieleza kilimo mseto vizuri kuliko vipeperushi. Shambani kwake hapakuwa na mti, wala samadi, wala tuta.

"Kaka, nakodi kwa msimu. Samadi ninayotia leo, faida yake inakwenda hadi msimu wa tatu. Mwakani mwenye shamba akiona mahindi yamestawi, anapandisha kodi au analima mwenyewe. Na mti hapandi mtu kwenye shamba la kukodi. Ukipanda mti umesema shamba ni lako."

Alisema kweli tupu. Samadi huachia virutubisho vyake polepole. Miti kama gilirisidia huhitaji misimu kadhaa kabla ya majani yake kukatwa na kufukiwa. Matuta yanayozuia mmomonyoko hujengwa mwaka huu yalipe mwaka ujao na unaofuata. Karibu kila jambo tunaloliita kilimo himilivu ni akiba iliyowekwa ardhini, nasi tunamtaka kijana aiweke kwenye ardhi ambayo Juni inaweza kuwa ya mwingine. Kadiri kata inavyokaribiwa na mji, kama Shanwe, ndivyo kodi inavyopanda na mikataba inavyofupika, kwa sababu mwenye shamba anasubiri mteja wa kiwanja.

Kabla ya kuondoka Mpanda nilishuka kusini hadi Sitalike, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mto Katuma unapita hapo ukitokea kwenye mabonde ya mpunga, na kutoka hapo huingia hifadhini, hujaza Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kisha huelekea Ziwa Rukwa. Viboko walikuwa wamebanana kwenye dimbwi la tope, mgongo kwa mgongo, wakingoja mvua ileile wanayoingoja watu wa Shanwe. Watafiti walioandika juu ya mto huu mwaka 2010 walieleza jinsi ukataji wa misitu, malisho yaliyopita kiasi na uchepushaji wa maji kwa ajili ya mpunga ulivyoukausha kiangazi. Nilipowatazama viboko wale nilikumbuka visiki nilivyoviona kupitia dirisha la treni. Mkulima anayechoka na heka yake iliyochakaa ana njia mbili: airutubishe au ahamie kwenye pori jipya na shoka. Katavi bado ina pori, na ndiyo maana shoka mara nyingi huonekana rahisi. Samadi ya shamba moja Shanwe na maji ya Katuma ni habari moja.

Mama mwenyeji wangu aliliona hilo kabla yangu. Jioni moja alimwita kijana yule na mwenye shamba lake, wakaketi uani kwake na mwenyekiti wa mtaa. Nilisikiliza bila kuchangia. Kijana aliomba misimu mitano na ruhusa ya kupanda miti mpakani. Mwenye shamba, baba mwenye watoto wanaosoma, alikataa miti bila kusita. Alihofia madai ya baadaye, na hofu yake ilikuwa na msingi. Kuhusu muda alianza na mwaka mmoja. Mazungumzo yalikwenda hadi chai ikapoa. Mwishowe waliandika misimu mitatu, kodi isiyopanda, kijana atatia samadi na kuinua matuta, na akiondolewa kabla ya muda atalipwa gharama yake. Mwenyekiti akagonga muhuri.

Misimu mitatu inatosha samadi kumlipa aliyeimwaga. Haitoshi mti. Kwa hiyo mwaka huu heka mbili za Shanwe zitapata mbolea na matuta, hazitapata kivuli. Tumezoea kuwahesabu wakulima kwa waliokubali na waliokataa, kisha kuwaongezea semina wale wa pili. Ningependa tuanze kuhesabu vitu vingine: mikataba yenye muhuri, jozi za maksai zinazoweza kumfikia mjane Novemba, mapatano kati ya wenye mabua na wenye ng'ombe, wanunuzi wa mbaazi wasiotoweka kwa tangazo la nchi ya mbali. Elimu ipo Shanwe, nimeisikia kwa masikio yangu katika foleni ya plau. Serikali, halmashauri na miradi ikibeba nusu ya gharama ambazo watu hawa wamekuwa wakizibeba peke yao, nusu nyingine wataibeba wenyewe, maana wameshaanza.